Je, Dawa Ndiyo Iliyomponya?

Liko swali ambalo likiulizwa na mwanafunzi darasani, mwalimu hulijibu huku akifuta ubao; lakini likiulizwa na mzee aliyetoa mali yake, humkosesha mtu usingizi. Swali hilo niliulizwa na mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yetu, tukiwa tumesimama ukingoni mwa shamba lake nje kidogo ya mji wa Njombe. Mbele yetu palikuwa na visiki vitupu. Alivitazama kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, wewe umesoma. Niambie kweli. Ile dawa ndiyo iliyomponya dada yako?"

Sikumjibu. Nilisema ukungu unashuka na baridi imezidi, twende nyumbani tukaote moto. Ulikuwa ni woga, nami naukiri hapa. Tangu siku ile nimelirudia swali lake mara nyingi, na kila nilipolirudia nimeona kuwa halihusu dawa peke yake. Linahusu kile tunachodaiana sisi wanadamu, na kama mtu aweza kuwa na deni la wema ambao hana hakika kama ulimfikia.

Dada yangu hununua na kuuza viazi mviringo mjini Makambako. Wanaoufahamu mji ule wanajua kuwa ni mtoto wa njia panda: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hukutana pale na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Asubuhi moja ya Julai mwaka 2016, akiwasimamia vijana waliokuwa wakipakia magunia kwenye lori, alishika kisogo ghafla, akageuka kwa hasira kumtafuta aliyempiga. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Akasema kichwa kinapasuka, akatapika, akaanguka juu ya viazi vyake.

Mahali pa kwanza tulipomfikisha walidhani ni presha iliyopanda, wakampa kidonge na kumlaza apumzike. Siwalaumu sana, kwa kuwa presha ndiyo waionayo kila siku. Kesho yake, katika hospitali nyingine, daktari kijana alijaribu kukiinamisha kidevu chake kifuani akakuta shingo imekakamaa kama ubao. Hapo hapo akaagiza kichwa kipigwe picha ya CT. Picha ikaonyesha damu imetanda kandokando ya ubongo.

Daktari yule alitueleza kwa maneno mepesi, nami nayaandika hapa kwa faida ya msomaji. Ubongo umefunikwa kwa tandu, na katikati ya tandu hizo pana nafasi yenye maji maangavu ambamo mishipa mikubwa ya damu hupita. Mara nyingine mshipa mmoja huwa na mahali palipo dhaifu, pakavimba pole pole kama mpira wa ndani wa baiskeli unaochungulia penye tairi lililochanika. Siku pakipasuka, damu humwagika katika nafasi ile kwa nguvu zote za moyo. Wengine hufa papo hapo. Aliyebaki hai hukabiliwa na maadui wawili. Wa kwanza ni kuvuja kwa mara ya pili pale palipopasuka. Wa pili huja taratibu, aghalabu kati ya siku ya 4 na ya 14, wakati jamaa wameanza kushukuru: sehemu za ubongo hukosa damu ya kutosha, na mgonjwa aliyekuwa akizungumza asubuhi huwa kimya jioni, au mkono hulegea, au hazinduki tena.

Tukampakia katika gari la wagonjwa. Tulipita Iringa, tukateremka Kitonga usiku, tukavuka Mikumi, zaidi ya kilomita 600 hata Dar es Salaam. Adui wa kwanza alishughulikiwa na wapasuaji, ambao walifungua fuvu na kuubana ule uvimbe kwa kibanio kidogo cha chuma. Kwa adui wa pili tuliandikiwa dawa iitwayo nimodipini. Ni mojawapo ya dawa zinazoziba vilango vya kalsiamu katika chembe za mwili. Maagizo yake yalikuwa rahisi kuyataja na magumu kuyatimiza: ianze kabla ya kupita saa 96 tangu damu ilipovuja, miligramu 60, yaani vidonge viwili vya miligramu 30, kila baada ya saa 4, usiku na mchana, kwa siku 21. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha. Vidonge 12 kwa siku, mara 21, ni vidonge 252.

Tukaambiwa tukavinunue wenyewe. Hapo ndipo lilipoingia shamba la mjomba. Alikuwa na eka 3 za misindano ya miaka 7, aliyokusudia kuivuna ikifika miaka 18, na kila mtu nyumbani alijua kuwa ile ndiyo pensheni yake. Aliiuza yote kwa siku mbili, kwa mtu aliyeitaka kwa ajili ya mirunda ya kujengea. Bei ya mti mchanga ni bei ya kuni. Hakutuambia alipata kiasi gani, wala hakuuliza vidonge ni vya nini. Alituma fedha kwa simu, akasema, "Msiruke hata saa moja."

Jamaa mmoja mwenye nia njema alitushauri tupunguze gharama. Yeye mwenyewe hutumia nifedipini kwa ajili ya presha, nayo pia huziba vilango vya kalsiamu na huuzwa rahisi katika kila duka la dawa. Kwa nini tusinunue hiyo, mjomba akabaki na nusu ya miti yake? Nilimpelekea daktari wazo hilo. Alitikisa kichwa. Alisema dawa hizi ni za ukoo mmoja, lakini iliyopimwa kwa wagonjwa wa namna hii ikaonekana inawafaa ni nimodipini. Kumpa mgonjwa nyingine ya kushusha presha kwa kubahatisha kungeweza kuunyima ubongo damu ule uchache unaoupata. Watoto wa tumbo moja hawatumwi kazi moja. Tukaendelea kununua.

Ikawa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku, saa 8 usiku. Usiku mmoja muuguzi alikuta presha yake imeshuka mno, maana hiyo ndiyo taabu kubwa ya dawa hii, na daktari akaamuru kipimo kigawanywe: kidonge kimoja kila baada ya saa 2, hata mwili ulipotulia. Siku ya 16 aliruhusiwa kutoka wodini, tukamweka kwa ndugu Mbagala, na siku tano zilizobaki nilimwamsha mimi. Aliniangalia kwa chuki ya mtu aliyekatishwa usingizi, akameza, akalala.

Katika kitanda cha jirani alikuwako mama mmoja mwenye ugonjwa ule ule, aliyeuguzwa na mwanawe. Kijana yule alikuwa dereva wa bodaboda, na pikipiki aliyoiuza ili kununua dawa ndiyo iliyomlisha. Alizihesabu saa kama sisi. Siku ya 8 mama yake alipooza upande wa kuume na kupoteza usemi, na hata tulipoondoka hakuwa amesema neno. Tulipoagana, kijana aliniambia: "Nimeuza pikipiki bure, mzee."

Dada yangu alirudi Makambako akitembea. Leo anahesabu magunia yake mwenyewe, ingawa majina ya watu humpotea. Lakini mwaka mzima hakwenda Njombe, safari ya saa moja na ushee. Nilipombana aseme sababu, alijibu: "Nikienda kwa Mjomba nitaviona visiki. Nitamwambia nini?" Basi alikuwako mzee asiyejua kama miti yake ilinunua kitu, na mwanamke asiyejua kama anadaiwa uhai wake. Mmoja aliuliza, mwingine alijificha, na mimi msomi wa ukoo nilisingizia baridi.

Yalikuwapo majibu mawili mepesi. La kwanza ni kusema, "Ndiyo, Mjomba, dawa ndiyo iliyomponya." Lingemfurahisha, lakini ningekuwa nimesema nisichokijua. La pili ni kusema, "Mungu ndiye aliyemponya." Hilo mjomba analijua kuliko mimi, ni mzee wa kanisa, na siku ile hakuniuliza habari za Mungu. Aliniuliza habari za vidonge. Kumjibu mtu jambo kubwa kuliko aliloliuliza ni njia mojawapo ya kukwepa.

Nikajitahidi kusoma. Mwaka 1989 waganga wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali nne za upasuaji wa ubongo nchini mwao. Wagonjwa 554 waliovuja damu namna hii waligawanywa kwa kura. Watu 278 walipewa nimodipini kwa siku 21, kama dada yangu. Watu 276 walipewa vidonge vya sura ile ile visivyo na dawa ndani yake. Baada ya miezi mitatu, katika kila watu 100 waliopewa vidonge vitupu, 33 waliishia pabaya: walikufa au walibaki na ulemavu mkubwa. Katika kila 100 waliopewa dawa, walioishia pabaya walikuwa 20. Tofauti ni watu 13.

Nilikwenda Njombe na hesabu hiyo mwezi Desemba mwaka 2017. Nilimwomba mke wa mjomba ungo na maharage, nikahesabu punje 100 mbele ya mzee. "Shikamoo ya dawa ndiyo hii," nilimwambia, naye akacheka kidogo. Nikatenga punje 20. "Hawa, Mjomba, wamekunywa dawa na wameumia vile vile. Humu yumo mama wa yule kijana." Zikabaki 80. "Hawa wamepona, na humu yumo dada. Lakini 67 miongoni mwao wangepona hata bila dawa. Waliookolewa na dawa ni 13."

Aliinama juu ya ungo. "Wapi hao 13?"

"Hawana alama."

Alizigeuzageuza punje kwa kidole kama anayechambua. Nilimweleza kuwa ukichukua punje moja katika zile 80 bila kuangalia, nafasi ya kumpata mmoja wa wale 13 ni kama moja katika sita. Hilo ndilo jibu la kweli kwa swali lake, kwa kadiri hesabu ya watu wa Uingereza iwezavyo kusemea watu wa Makambako: inawezekana kwa sehemu moja kati ya sita kwamba dawa ndiyo iliyomwokoa, na kwa sehemu tano kwamba angesimama hata bila vidonge 252.

"Basi huenda nimeuza miti bure," akasema. Neno lile lile la yule kijana wa bodaboda.

Msomaji aweza kuuliza: je, hatuwezi kuchungulia ndani ya mgonjwa mwenyewe tukaona dawa imefanya nini? Hapo ndipo jambo hili linapostaajabisha. Kalsiamu yenyewe iligunduliwa kuwa mtumishi wa moyo kwa sababu ilikosekana. Karne ya 19 tabibu Sydney Ringer alikuwa akichunguza mioyo ya vyura huko London, nayo ikiendelea kupiga ndani ya maji ya chumvi. Kumbe maji yale yalichotwa bombani. Yalipotumiwa maji yaliyosafishwa kabisa, mioyo ikasimama. Mwaka 1883 akaeleza sababu: maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu, ambayo hakuna aliyeiona wala kuishukuru mpaka ilipoondolewa. Miaka ya 1960 Mjerumani Albrecht Fleckenstein alionyesha kuwa ziko dawa zinazoizuia kalsiamu isiingie katika chembe za misuli. Nimodipini ilipotengenezwa, ilitumainiwa kuwa ingelegeza mishipa ya ubongo iliyojikunja baada ya kuvuja damu, ili damu ipite. Lakini picha za mishipa hazikuonyesha kupanuka kunakolingana na nafuu iliyopatikana. Na dawa nyingine zilizokuja baadaye, ambazo zilipunguza kweli kule kujikunja kwa mishipa katika picha, hazikuleta nafuu iliyotarajiwa kwa wagonjwa. Wataalamu hudhani kuwa nimodipini huzikinga chembe za ubongo zenyewe, au husaidia mishipa midogo isiyoonekana katika picha. Kwa hiyo tunajua kuwa inasaidia, hatujui sawasawa inasaidiaje, na kwa mgonjwa mmoja hatuwezi kujua kama ilimsaidia. Ringer aliweza kuuchukua moyo mwingine wa chura akajaribu upya. Dada yangu ana ubongo mmoja, na siku zile 21 haziwezi kuishiwa mara ya pili bila vidonge.

Basi nilimkumbusha mjomba jambo analolijua kuliko mimi. Kila mwaka, nyasi zinapokauka, yeye na majirani hufyeka na kulima njia ya kuzuia moto kuzunguka mashamba yao ya miti. Ni kazi ya jasho. Mwaka mwingine moto huja ukasimama njiani. Mwaka mwingine hauji kabisa. "Je, Mjomba, mwaka usipokuja, umewahi kusema umefyeka bure?"

Alifikiri. Mjomba si mtu wa kuridhishwa kwa mfano mzuri. "Njia ya moto naifyeka kwa jembe na mikono yangu," akasema. "Hainidai miti yenyewe. Mtu akiniambia nikate shamba zima ili nizuie moto ambao huenda usije, nitamwambia ana wazimu."

Nilinyamaza, maana alikuwa amesema kweli. Kama dawa ingeuzwa kwa bei ya kilo ya sukari, swali lake lisingekuwapo. Angemeza yeyote, na yule mmoja katika sita asiyejulikana angelipiwa na wote bila kuhisi. Ni bei iliyolifanya swali kuwa kali. Mzigo uliopaswa kubebwa na maelfu uliwekwa juu ya bega la mzee mmoja, naye kwa haki akataka kuonyeshwa alichokinunua. Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nilikumbuka ungo wa maharage. Bima nayo ni njia ya moto: wengi hutoa kwa ajili ya janga ambalo wengi wao halitawafika, wala haulizwi yeyote kati yao alipata nini. Sheria ikiwafikia wakulima wa Njombe sawasawa, watakuwapo wajomba ambao hawatalazimika kuuliza alilouliza wangu. Naliona hilo kuwa kipimo chake kizuri.

Lakini miti ya mjomba ilikuwa imekwisha kukatwa, na hoja ya bima haiwezi kuichipusha. Ilibaki kumjibu yeye. Nikamwambia, na leo ningali naamini, kwamba kosa letu limo katika neno bure. Kiswahili kimelipa neno hili maana mbili: kilichotolewa pasipo malipo ni bure, na kilichopotea pasipo faida ni bure pia. Mwenye kuuza hupima kwa alichopata. Akikosa, ameuza bure. Mjomba aliuza miti kwa mnunuzi wa mirunda, na kwa mnunuzi yule hesabu ilifungwa. Dada hakuuziwa kitu. Alipewa bure, kwa maana ya kwanza, na kitu kilichotolewa hivyo hakiwi bure kwa maana ya pili kwa sababu tu matokeo yake hayaonekani. Uzuri wa tendo lake ulitimia saa alipotuma fedha, kwa kuwa saa ile alifuata yaliyojulikana kuwa bora, kwa mtu aliyekuwa hatarini. Yaliyofuata yangeweza kuwa haya au yale, na tendo lingekuwa lile lile.

Na kama hiyo ni kweli kwa mjomba, ni kweli kwa yule kijana wa bodaboda, na hapa ndipo hoja inapopimwa. Ni rahisi kumsifu aliyetoa, mgonjwa akapona. Lakini tukisema mjomba alitenda vema kwa kuwa dada alipona, inatupasa kusema kijana alitenda ovyo kwa kuwa mama yake alipooza. Na hakuna mwenye moyo atakayesema hivyo. Walifanya jambo moja. Wakati wanaamua, hakuna hata mmoja wao aliyejua punje yake itaangukia upande upi wa ungo. Mama yule, akipata kusema tena, anadaiwa na mwanawe shukrani ile ile, wala si pungufu hata kidogo. Laiti ningalimwambia kijana hivyo siku ile tulipoagana. Sikuwa nimeyafikiri bado, na hilo linanisumbua hata leo.

Kuna wengine tena tunaowiwa, nao ni wale 276 waliomeza vidonge vitupu. Wao au jamaa zao walikubali kuingia katika kura pasipo kujua watapata nini. Wakati ule hapakuwa na aliyejua kwa hakika kuwa dawa inafaa, ndiyo maana kura ilikuwa halali. Lakini 91 miongoni mwao waliishia pabaya, na ni kwa kuwalinganisha hao na wenzao ndipo ulimwengu ulipojua kuwa wengine wangeweza kuokolewa. Dada yangu alipomeza kidonge chake saa 8 usiku kule Mbagala, alimeza ujuzi uliolipiwa na watu ambao hatutawajua majina. Hao nao hawakuuliza kama sadaka yao ingemfaa mwuza viazi wa Makambako.

Katika Injili ya Luka imo habari ya wakoma 10 waliotakaswa, na mmoja tu akarudi kushukuru. Wahubiri huwashutumu wale 9, nami sina la kuwatetea, kwa kuwa kila mmoja alijitazama ngozi akajua amepona na nani kamponya. Katika zama zetu shukrani imekuwa ngumu zaidi. Kati ya wale 80 waliosimama, 13 wameokolewa na dawa na hakuna hata mmoja wao ajuaye kuwa ni yeye. Wakingoja mpaka wajue ndipo washukuru, hatarudi hata mmoja. Njia iliyobaki ni wote 80 warudi, wakijua kuwa wengi wao huenda wanashukuru kwa jambo ambalo halikuwafika. Na wale 20 je? Hao pia walipendwa kwa kiasi kile kile.

Nilipomaliza kusema, mjomba alizikusanya punje zote pamoja, zile 20 na zile 80, akamrudishia mkewe ungo. "Zipikwe," akasema. Hakusema kama ameridhika. Alivaa koti lake, akaniuliza kama dada yako anajua kuwa misindano mipya imekwisha kupandwa.

Dada alikwenda Njombe mwezi uliofuata. Nilimshauri asimshukuru mjomba kwa kumponya, kwa kuwa hilo hana hakika nalo na mzee angelikataa. Alimsalimu, akapiga magoti kama tulivyofundishwa, akasema: "Asante, Mjomba, kwa kuuza miti." Mzee alimwinua, akampeleka shambani. Miche ilikuwa haijafika magotini, katikati ya visiki. Baada ya hapo amekuwa akienda kila mwaka nyasi zikikauka, kusaidia kufyeka njia ya moto, japo madaktari walimwambia asibebe vizito.

Msomaji wangu, huenda nawe umewahi kuuguza, ukatoa ulichokuwa nacho, kisha ukabaki na swali la mjomba. Ikiwa mgonjwa wako alipona, usidai kujua zaidi ya ujuavyo. Ikiwa hakupona, usikubali yeyote akuambie, hata moyo wako mwenyewe, kwamba ulitoa bure.